Upande wa Nyuma wa Kura

Siku baba alipoacha kuwapo ilikuwa Jumanne, na kiti cha mhudumu wa posta alichokuwa anakisuka kwa kamba kilikuwa kimebakiza mistari minne kwisha.

Asubuhi ile tuliukuta mlango wa karakana umepakwa rangi. Baba hakuona, maana macho yake yalizimika nikiwa na miaka tisa. Lakini kila siku kabla ya kutafuta kufuli alikuwa na desturi ya kuweka kiganja kwenye mbao, na siku hiyo kiganja kilirudi kimelowa.

"Rangi mbichi," akasema. "Wameandika nini hapa, mwanangu?"

"Herufi X, baba. Nyekundu. Mlango wetu na milango yote ya safu hii."

"Ya kubomolewa."

"Ya kubomolewa."

Akajifuta kwenye aproni, akaingia, akakaa, akaanza kusuka. Saa sita nilipompelekea chai, kamba ilikuwa bado imezungushwa kwenye kidole gumba chake, na mwenye kidole hakuwapo.

Nyinyi mnaonifuata tangu wiki ya kwanza mnaijua Jumanne hiyo. Mnajua pia kwamba wiki tatu baada ya mazishi nilikwenda kuhamisha vitu vyake kabla tingatinga halijafika. Nikafungua sanduku la zana. Chini ya koleo na patasi nikakuta kitambaa, na ndani ya kitambaa kipande cha kadibodi ngumu chenye matundu matatu, moja chini ya jingine, yaliyokatwa kwa kisu kikali. Nilikuwa bado nakigeuzageuza pale mlango uliposukumwa nyuma yangu, na sauti ya mwanamume ikasema, "Hicho ulichoshika, nipe."

Wapo wasomaji waliobashiri tangu sehemu iliyopita kwamba huyo ni Mkandarasi mwenyewe. Mkandarasi hana haja ya kuja. Anao watu wa kuwatuma, na mmoja wao tulinyonya ziwa moja.

Alikuwa kaka.

"Umenifuata?"

"Nimepita tu."

"Umepita na gari la diwani, likiwa linanguruma?"

"Dada, sina muda. Nipe hiyo takataka."

"Kama ni takataka, unaitakia nini?"

Kichwani alikuwa na kofia ya kampeni, yenye picha ya Mkandarasi akitabasamu. Uchaguzi ulikwisha miezi minne nyuma na picha ilikuwa inaanza kubanduka pua.

Kwa mgeni wa hadithi hii, mambo yako hivi. Mkandarasi ndiye diwani wetu. Alipata kura mia nane kumi na mbili. Mwalimu, mama mstaafu aliyefundisha nusu ya kata kusoma, alipata mia nane kumi na moja. Kura moja. Mwalimu akaenda mahakamani, na kesi yake ilisimama juu ya mguu mmoja tu: kwamba katika kituo chetu wapiga kura wasioona walinyimwa jalada lao. Jalada hilo ni la plastiki. Karatasi ya kura huingizwa ndani yake, na kando ya kila tundu kuna nundu za kugusa, ili asiyeona ajue yuko kwenye mstari wa nani, aweke alama yake peke yake, atoke kama watu wengine.

Shahidi wa kesi hiyo alikuwa baba.

"Mzee amekufa," kaka akasema, "na kesi imekufa naye. Imebaki kadibodi hiyo niliyomwona akiikata. Wakili wenu akiiona ataifanya bendera. Nipe niichome, tulale."

"Wewe ulale. Mimi sijalala tangu Jumanne ile."

"Usinianzie! Kwani siku ile nani alishika kalamu? Mimi?"

Nikakibana kile kipande kifuani.

Msomaji, hapa inabidi nikwambie jambo nililokuficha tangu wiki ya kwanza. Nilisema nilimsaidia baba kupiga kura. Sikusema nilivyomsaidia.

Kaka alikuwa amekaa miaka miwili bila kazi. Watoto wawili, mke anayefulia watu, na yeye analala mchana ili siku iwe fupi. Wiki mbili kabla ya uchaguzi alikuja jikoni kwangu akafunga mlango.

"Mkandarasi anatafuta dereva," akasema. "Amesema kazi ni ya nyumba itakayomuunga mkono yote. Yote, dada."

"Atajuaje?"

"Anajua. Hawa watu wanajua. Mimi na mke wangu tayari. Wewe?"

"Mimi sawa."

"Na mzee?"

"Mzee ni wa Mwalimu. Unajua hivyo."

"Mzee haoni anachoandika."

Nikacheka, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka. "Kura moja ya mzee inampunguzia nani nini?" akauliza. "Chukulia unampa mjukuu wake sare ya shule."

Nilikuwa naweza kukataa. Naandika hivi ili nisije nikajidanganya uzeeni.

Jioni yake baba alinipa vipeperushi viwili alivyopewa sokoni, nimsomee. Ndivyo tulivyoishi miaka ishirini na miwili: yeye anasuka, mimi nasoma. Barua, ankara, magazeti, hata yale maandishi madogo kwenye boksi za dawa. Ndiyo maana aliniita Macho. "Macho, soma hapa." "Macho, huyu anayesalimia ni nani?" Mtaa mzima ukazoea, hata walimu wangu wa sekondari waliniita hivyo.

Nikasoma cha Mwalimu, mbele na nyuma. Nikasoma cha Mkandarasi, mbele.

"Na nyuma?" akauliza.

"Nyuma hakuna kitu, baba."

Sikukigeuza. Nilikuwa nimechoka, na nilishajua nitakachofanya, na mtu akishajua atakachofanya hapendi kusoma. Baada ya mazishi nilikipata kipeperushi hicho kimefungiwa misumari. Nyuma, kwa herufi ndogo, kulikuwa na mstari mmoja: safu ya karakana za zamani itaondolewa kupisha maduka ya kisasa.

Siku ya kura kituo kilikuwa darasa la shule ya msingi. Tulifika saa mbili, zamu yetu ikafika saa tano. Karani alikuwa na sauti ya mtu aliyeamka alfajiri.

"Naomba jalada la wasioona," baba akasema.

"Jalada gani, mzee?"

"La kupigia kura. Mnalo. Sheria inasema kila kituo kinalo."

Karani akachungulia chini ya meza. Nami nikachungulia. Lilikuwapo, bapa, ndani ya mfuko wake, na lakiri haijakatwa.

"Hilo anafungua msimamizi, na msimamizi ametoka. Sasa foleni hii yote ikusubiri wewe? Si una binti hapo, mzima, ana macho mawili?"

"Ninaye. Lakini nimekuja kupiga mwenyewe."

"Mzee!" mtu akapaza sauti nyuma yetu. "Unamficha binti yako nini? Una mke mdogo kwenye karatasi?"

Foleni ikaangua kicheko. Nikaona mkono wa baba ukiingia ndani ya koti, upande wa moyo.

"Mkono nje ya koti, mzee," karani akasema. "Hakuna kuingia na kitu kule ndani."

Mkono ukasimama pale kidogo. Kisha ukatoka mtupu.

Tukaingia kwenye kile kibanda cha boksi. Akaninong'oneza, "Soma majina."

"Wa juu Mkandarasi. Wa katikati Muuza Magodoro. Wa chini Mwalimu."

"Wa chini."

"Wa chini," nikaitikia, na kalamu nikaiweka juu.

Kalamu ilikuwa haitoi wino vizuri. Nikakandamiza, nikarudia, nikakandamiza tena.

"Nipe nikunje mwenyewe," akasema. "Angalau hilo mniachie."

Nikampa. Akaigeuza karatasi, kidole gumba chake kikapita nyuma yake, polepole, kutoka chini kwenda juu. Kikasimama. Nilidhani anatafuta katikati ya kukunjia.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Haya."

Akakunja mara mbili. Nikamwongoza mkono hadi kwenye tundu la sanduku, na karatasi ikaanguka ndani.

Kura yangu mwenyewe nayo nilimpa Mkandarasi. Hiyo ilikuwa yangu, na sina wa kumjibu. Ya baba haikuwa yangu. Wewe piga hesabu. Itoe kura moja kwa Mkandarasi, mwongezee Mwalimu, uone nani angekuwa anaendeshwa na kaka leo.

Sasa turudi karakana.

Kaka alikuwa amenyoosha mkono. Mimi nilikuwa nimekibana kile kipande kifuani kama mtoto mchanga.

"Nina watoto, dada."

"Najua una watoto. Ndipo tulipoanzia."

"Basi malizia!"

"Vua kofia ukiingia kwa baba yako," sauti ikasema mlangoni.

Alikuwa shangazi, dada wa baba, fundi cherehani, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni kama kawaida. Anatembea polepole kwa sababu ya goti, lakini ulimi wake haujawahi kuugua.

"Shikamoo shangazi," kaka akasema.

"Marahaba. Nimesema vua kofia. Unatembeaje mtaani na sura ya mwanamume mwingine juu ya utosi? Na ameanza kubanduka pua. Mkeo hajauliza?"

Kaka akavua kofia. Ndivyo alivyo shangazi. Lakini mkono mmoja ukivua kofia, mwingine ulininyang'anya kile kipande. Kufumba na kufumbua akawa amekivunja mara mbili juu ya goti. Kikalia kama kuni kavu.

Gari liliendelea kunguruma nje.

"Yamekwisha," kaka akasema, na sauti haikuwa ya mtu aliyeshinda. Akaviangusha vipande kwenye sakafu, katikati ya mabaki ya kamba. Alipofika mlangoni akageuka. "Jumatatu mahakamani utasema ulichosaini, dada. Basi. Hakuna atakayekuuliza zaidi."

"Nimesaini nini?"

Akanitazama kama mtu anayetaka kuomba radhi na hajui aanzie wapi. "Kamuulize wakili wenu."

Akavaa kofia, akaenda zake.

Shangazi akainama, goti likalia, akaokota vipande kimoja kimoja na kuvipanga juu ya kiti cha mhudumu wa posta.

"Kipimo nilichukua mimi," akasema.

"Kipimo cha nini?"

"Cha karatasi ya kura. Si walibandika mfano wake kwenye ubao wa ofisi ya kata? Baba yako akanituma. Nikaenda na utepe wangu, nikapima urefu, nikapima upana, nikapima kila kisanduku kiko wapi. Vijana wakanizunguka: 'Bibi, unaikatia karatasi gauni?' Nikawaambia naikatia suruali, maana ina wanaume wawili."

Nilitaka kucheka. Kicheko hakikutoka.

"Kipimo ninacho hata leo kwenye daftari, kati ya gauni la mke wa mchinjaji na sare za kwaya. Baba yako akakata matundu mwenyewe. Akafanya mazoezi wiki nzima kwenye karatasi tupu, mimi nikimwambia amepatia au amekosa. Alisema, 'Safari hii simsumbui Macho. Safari hii nakwenda peke yangu.' Alikiweka ndani ya koti asubuhi ya kura."

Mkono nje ya koti, mzee.

Nikakaa kwenye kigoda chake. Kilikuwa chini mno kwangu, magoti yakafika kidevuni.

"Alikuwa anakuitaje siku zile za mwisho?" shangazi akauliza ghafla.

"Mwanangu."

"Na zamani?"

"Macho."

"Aliacha lini kukuita Macho?"

Nikaanza kuhesabu kurudi nyuma. Wameandika nini hapa, mwanangu. Hiyo ni Jumanne yenyewe. Wiki ya kabla yake: mwanangu, zima redio. Mwezi wa kabla yake: mwanangu, kamba zimekwisha. Nikarudi, nikarudi, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akitafuta ya mwisho kwa mguu, hadi nikafika darasani, kwenye kile kibanda. Umemaliza? Haya. Hakusema Macho. Tangu hapo hakulisema tena, na mimi sikusikia kwamba halipo.

"Shangazi," nikasema. "Alijua?"

"Siku ile ile. Alikuja kwangu jioni, hakutaka kukaa. Akasema, 'Alama ilikuwa juu. Mwalimu alikuwa chini.' Nikamwambia umri umekuingia kwenye vidole. Akaniambia, 'Vidole hivi vinahesabu kamba miaka thelathini, havijawahi kukosea mstari.'"

Hapo nikaelewa, na natamani nisingeelewa.

Nimekulia ndani ya karakana ile. Kila kiti alichowahi kusuka nilimwona akikigeuza. Mteja huangalia juu, pazuri pa kukalia. Baba alipitisha kidole gumba chini, palipofungwa fundo, kwa sababu huko ndiko kamba iliyolegea hujitoa. Na mimi, mwanawe, mtu pekee duniani aliyepaswa kulijua hilo, nilikandamiza kalamu mara tatu nikampa karatasi aigeuze.

"Kwa nini akaitumbukiza?" nikauliza. "Kwa nini hakupiga kelele?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, 'Nikipiga kelele wanamkamata pale pale, foleni nzima ikimtazama. Mimi kura nitapiga tena miaka mitano ijayo.'"

Alipata miezi mitatu.

"Na kile kiapo cha mahakamani?"

"Alisema kuhusu jalada tu. Kwamba aliliomba akanyimwa. Wewe hukutajwa hata kwa herufi. Mwalimu mwenyewe hajui."

"Na wewe ulijua muda wote huu ukinitazama tu."

"Aliniapisha. Hapo mbele ya cherehani yangu, akashika gurudumu."

"Na leo kwa nini?"

Shangazi akavikunja vile vipande ndani ya kitambaa, taratibu. "Kwa sababu aliyenikataza hayupo," akasema. "Na nimechoka kukuonea huruma peke yangu. Inuka. Twende kwa wakili tukaone umesaini nini."

Ofisi ya wakili iko juu ya duka la dawa, ngazi ishirini na sita nyembamba. Baba alizipanda mara mbili kwenda kutoa kiapo, na mara zote mbili wakili alisikitika kwamba hana ofisi ya chini. Ni mwanamke wa rika langu, mwembamba, mafaili hadi dirishani.

"Nilikuwa nakupigia simu," akaniambia kabla hatujakaa. "Poleni tena. Shangazi, shikamoo. Kaeni. Nina jambo zuri na jambo baya."

"Anza na zuri," shangazi akasema, "baya halina haraka."

"Hakimu amekubali kiapo cha marehemu kibaki. Kitasomwa mahakamani ingawa mwenyewe hayupo." Akatoa karatasi kwenye faili. Chini yake kulikuwa na alama ya kidole gumba, ya wino wa buluu, mistari yake yote imetokea vizuri. Nilikitazama kidole kile mpaka wakili akairudisha mahali pake.

"Kwa hiyo tunashinda?"

"Kwa hiyo tuna mguu. Upande wa pili watasema hana wa kumuunga mkono, na karani wa kituo atakana. Ndiyo maana nilikuandika wewe shahidi namba mbili, chini yake. Ulisimama naye pale. Ulisikia akiomba jalada. Sivyo?"

"Nilisikia. Na niliona jalada lenyewe chini ya meza."

"Basi jambo baya ni hili." Akasukuma karatasi nyingine mbele yangu. "Imeletwa leo asubuhi na wakili wa Mkandarasi. Nikusomee?"

"Nitasoma mwenyewe."

Ilikuwa hati ya kiapo. Ilisema: Mimi, binti wa marehemu, nilimsaidia baba yangu kupiga kura kwa ombi lake mwenyewe. Hakuomba kifaa chochote. Niliweka alama mahali aliponielekeza.

Tarehe ilikuwa ya siku ya mazishi.

Nikaigeuza. Nyuma, saini yangu, na mkia wake ule mrefu ambao baba alipenda kuusikia kalamu ikiuvuta.

Kumbukumbu ikaja yote kwa pamoja. Watu wameanza kutawanyika kutoka makaburini. Kaka na karatasi mkononi: "Ya kazini, dada, ya ruhusa ya msiba. Inataka ndugu mmoja. Saini hapa." Hakukuwa na meza. Akainama, nikasaini juu ya mgongo wake, machozi yakidondokea shati lake. Upande wa mbele sikuuona kabisa.

Miaka ishirini na miwili nimemsomea mtu mwingine kila kitu. Cha kwangu nikasaini nikiwa nimefumba.

"Ni saini yako?" wakili akauliza.

"Ni yangu."

"Na kilichoandikwa ni kweli?"

Shangazi alikuwa anatazama dirishani. Hakunisukuma. Angenisukuma ningepata wa kumlaumu.

"Si kweli," nikasema. "Jalada aliliomba. Na alama sikuiweka aliponielekeza. Alisema chini, nikaweka juu."

Wakili hakuandika kitu. Aliweka kalamu mezani na kuifunika kwa kiganja, kama mtu anayezuia mdudu.

"Rudia."

Nikarudia. Nikaeleza jikoni, kaka, ahadi ya udereva, kidole gumba. Ilichukua muda mfupi sana. Nilikuwa nimeibeba kama gunia, kumbe ilikuwa sentensi sita.

"Nani mwingine anajua?"

"Kaka. Na mimi," shangazi akasema. "Na aliyelala."

"Sikiliza," wakili akaniambia, na sasa hakuwa anasema kama wakili. "Mahakama haimuulizi mtu amempigia nani. Hiyo ni siri yake. Lakini karatasi iliyojazwa kinyume na neno la mwenye kura si kura yake, na tofauti hapa ni kura moja. Ukilisema hilo Jumatatu, sioni hakimu atakavyoacha kuamuru uchaguzi urudiwe."

"Basi nitalisema."

"Subiri. Ukilisema, utakuwa umekiri makosa mawili mbele yake. La kujaza kura ya mtu kwa hila, na la kuapa uongo. Mimi ni wakili wa Mwalimu, si wako. Siwezi kukulinda. Utatoka pale kwa mlango mwingine."

"Na nikisema kama kilivyoandikwa hapa?"

"Mkandarasi anabaki, na kaka yako anabaki na usukani."

"Na nikikaa kimya?"

"Huwezi. Wamekuandika wao, nami nimekuandika. Mtu wa kwanza kusimama atakuuliza."

Shangazi akasafisha koo. "Na baba yake? Uchaguzi ukirudiwa?"

"Jina lake litafutwa kwenye daftari," wakili akasema. "Ndiyo kazi ya daftari."

Tukashuka zile ngazi ishirini na sita, shangazi mbele, mkono wake ukishika ukuta. Chini, mbele ya duka la dawa, lilikuwa limeegeshwa gari la diwani. Kaka alikuwa kwenye usukani, kioo kimeshushwa, kofia iko juu ya dashibodi. Hakutushtukia. Alikuwa ameshika karatasi kwa mikono miwili, karibu na macho, anaisoma, na midomo yake inacheza kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Aliisoma upande wa mbele. Kisha akaigeuza, nikauona mkia mrefu wa saini yangu.

Tukampita.

Nilirudi karakana peke yangu. Nikakimalizia kiti cha mhudumu wa posta, mistari minne, vibaya kidogo kwenye kona. Nikakigeuza nikapitisha kidole. Fundo moja lilikuwa limelegea. Nikalifungua, nikalifunga upya.

Tingatinga limepangiwa Ijumaa. Kesi inasikilizwa Jumatatu, saa tatu asubuhi, chumba namba mbili. Kiapo cha baba kitasomwa na karani wa mahakama. Baada yake nitaitwa mimi, na nimeandikwa shahidi wa pande zote mbili.